Mtoto wa miaka 12 na leseni ya kuwinda: nisaini au nisisaini?

Kutoka: Mama Baraka, Syracuse

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za huko mliko. Naomba mawazo yenu hasa nyie mliokaa upstate, huku kaskazini mwa jimbo la New York, miaka mingi maana hili jambo limenikaa kichwani wiki nzima. Kijana wangu mkubwa ametimiza miaka 12 mwezi wa sita. Jirani yetu ni mzee wa kizungu mstaafu, mtu mwema kwa kweli, tangu tuhamie ndiye anayetuondolea theluji mlangoni bila kuombwa, sasa juzi kaja na fomu mkononi anasema anataka kumchukua kijana wakawinde kulungu ile wikendi ya vijana mwezi wa kumi, pamoja na mjukuu wake ambaye wanasoma darasa moja. Nikamwambia mzee, huyu bado mtoto. Akanijibu sheria imebadilika, zamani kulungu kwa bunduki ilikuwa mpaka ufikishe miaka 14, sasa ni 12 na kaunti yetu imekubali, we saini tu.

Kijana ndo hali wala halali, anaangalia video za kulungu mpaka usiku. Baba yake ni dereva wa malori, yuko barabarani karibu muda wote, nikimpigia anasema mwache mtoto ajue mambo ya nchi anayokulia. Mimi nimezaliwa Kilosa, bunduki nilizoziona utotoni ni za polisi na askari wa wanyamapori, na mzee mmoja aliyekuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mahindi, na hata huyo watoto tulikatazwa kusogelea nyumba yake. Leo nisaini mwanangu akashike bunduki? Na nikikataa si nitaonekana nimedharau wema wa jirani? Nisaidieni jamani, sheria inasemaje hasa na nyie mngefanyaje.

Kutoka: Baba Mapacha, Utica

Mama Baraka salama kabisa. Mimi nawinda huku, walioniingiza ni wenzangu wa kiwandani, na wanangu wote wawili walipita njia hiyo hiyo kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Mzee hajakudanganya ila kasema nusu. Kilichobadilisha ni bajeti ya jimbo ya 2021. Kabla ya hapo mtoto wa 12 New York aliruhusiwa kuwinda wanyama wadogo kama sungura na kindi kwa bunduki, na kulungu kwa upinde, ila kulungu kwa bunduki mpaka 14. Wakashusha mpaka 12 kama majaribio, na kila kaunti ya upstate iliyotaka ikabidi ipitishe sheria yake yenyewe. Nyingi zikapitisha, lakini usichukue neno la mtu, ingia tovuti ya DEC, ile idara ya mazingira ya jimbo, uone kaunti mnayokwenda kuwinda imo au haimo, maana unaweza kukaa kaunti moja na msitu uko nyingine.

Sasa nusu aliyoiacha. Hakuna leseni bila kozi ya usalama wa wawindaji, na kozi mtoto anaruhusiwa kuanzia miaka 11. Sehemu kubwa anasoma nyumbani onlaini halafu kuna siku ya kwenda mwenyewe mbele ya mwalimu, anashika bunduki ya mafunzo, anafanya mtihani. Akifaulu ndo analipiwa leseni ya vijana dola 5. Anayekwenda naye porini lazima awe amefikisha miaka 21, ana leseni yake na amewinda kulungu si chini ya miaka 3, na kama si mzazi wala mlezi basi mzazi amteue kwa maandishi, hiyo ndiyo fomu aliyokuletea. Wote wawili wavae rangi ya chungwa au pinki ile inayowaka kama reflekta, inayoonekana pande zote. Wakae chini ardhini, mtoto wa 12 na 13 haruhusiwi kupanda kwenye yale majukwaa ya juu ya mti. Na dubu hawamo, ni kulungu tu. Kikubwa kuliko vyote, sheria inasema huyo mtu mzima awe amemdhibiti mtoto muda wote, yaani awe karibu kiasi kwamba akiona kosa anasema na kuchukua hatua hapo hapo. Si kwamba wewe uko mti huu naye yuko ule.

Ndo maana mama swali langu kwako linaanzia hapo: mzee mmoja, watoto wawili, bunduki ngapi? Akienda na mjukuu wake na kijana wako kwa pamoja atamdhibiti yupi? Hapo mimi nisingesaini hata awe mwema vipi.

Mimi naiunga mkono hiyo 12, sifichi. Mtoto wa umri huo bado anasikia, ukimwambia rudia anarudia. Kijana wangu mmoja tulikuwa tumekaa chini tumeegemea mti, yeye mbele yangu katikati ya magoti, bunduki imelazwa kwenye kijiti cha kuiegemeza, risasi ziko mfukoni mwangu mpaka mwanga ulipotosha. Akatokea jike akasimama ubavu, mahali pazuri kabisa, kila mwindaji anapaota. Nikamtilia risasi. Kijana akaangalia weee halafu akaninong'oneza, baba nyuma yake kuna barabara. Nikaitoa risasi nikairudisha mfukoni, tukamwacha akaenda zake. Barabara yenyewe mimi sikuwa nimeiona kutokana na vichaka, yeye alikuwa chini kidogo akaona gari linapita. Wale waliomfundisha kwenye kozi walikuwa wamemkazia hilo, risasi haiishii kwenye mnyama, jua kilichoko nyuma yake. Msimu ule wa kwanza wa 2021 DEC walitangaza hakuna ajali hata moja ya kupigana risasi kwa watoto wa 12 na 13, na mimi naamini ni kwa sababu ya hayo masharti ya ukaribu.

Kutoka: Mama wa Fizi, Rochester

Mungu awabariki wote. Baba Mapacha nakuheshimu, nimesoma yote, lakini mimi siwezi kunyamaza.

Mwaka 1996 tulikuwa kwetu Kongo, upande wa ziwa Tanganyika, vita vikaja. Kadogo, wale askari watoto, wakapita kijijini. Wa kwanza niliyemwona alikuwa mtoto kabisa, viatu vya mvua vya mtu mkubwa, bunduki ndefu karibu sawa na yeye, kitako kinaburuta kwenye vumbi. Akamwambia baba yangu leta chumvi. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye watu wakigombana wanamwita. Akamjibu yule mtoto ndiyo afande. Sijasahau ile sauti. Tulivuka ziwa, tukakaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka na miaka, wanangu wote wamezaliwa kambini, na kila siku nilimshukuru Mungu kwamba hawajui bunduki.

Sasa nimekuja Amerika naambiwa nisaini. Najua kulungu si mtu, najua hapa ni michezo na nyama, najua kuna kozi. Lakini mwili wangu haujui. Nikiona mtoto wa 12 amelaza shavu kwenye bunduki naumwa tumbo kweli kweli. Wengi wetu kwenye hii listi tuko hivyo hata kama hawaandiki. Mama Baraka kama moyo wako unakataa, hiyo inatosha kuwa jibu, huna haja ya kumweleza jirani sheria. Mwambie tu asante baba, sisi hapana. Mtu mwema ataelewa.

Kutoka: Nesi wa Madison, Wisconsin

Mama wa Fizi pole sana, nimesoma ujumbe wako mara mbili na nimelia.

Nawaongezea tu ya huku maana msidhani 12 ndo mwisho. Wisconsin umri wameufuta kabisa. Mpaka 2017 mtoto wa miaka 10 ndo aliweza kwenda na mtu mzima wa kumwelekeza, tena wawili hao walikuwa na silaha moja tu kati yao. Novemba 2017 gavana Scott Walker akasaini sheria, umri wa chini ukaondoka na ile ya silaha moja nayo ikaondoka, kilichobaki ni mtu mzima awe karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono. Msimu huo huo leseni 10 zikatolewa kwa watoto ambao hawajafikisha hata mwaka mmoja. Watoto wa kunyonya jamani. Wapo wanaosema ni kumbukumbu tu, baba anaiweka kwenye fremu, na kwamba mzazi ndiye anayemjua mwanawe kuliko bunge. Mimi siafiki. Leseni ni ruhusa ya kuua mnyama, sasa kulungu wa mtoto asiyejua kukaa atapigwa na nani kama si baba mtu? Kama sheria inasema mzazi atajua mwenyewe mwanawe yuko tayari lini, basi isaidie na yule mzazi asiyejua, na huyo ndiye aliyehitaji namba ya kumzuia.

Na kwa nini majimbo yanashusha umri, watu wengi hawajui kuna hela hapo. Wawindaji nchi nzima walihesabiwa milioni 13.7 mwaka 2011, mwaka 2016 wakawa milioni 11.5. Wazee wanaacha, vijana hawaingii. Idara za wanyamapori za majimbo zinaishi kwa ada za leseni, na juu yake kuna kodi ya shirikisho tangu 1937, asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, inagawiwa majimbo kwa kuangalia ukubwa wa eneo na idadi ya waliolipia leseni. Kwa hiyo mtoto akizoea mapema ni mteja wa miaka hamsini ijayo. Sisemi ni vibaya, hiyo hela ndiyo inatunza misitu na mabwawa tunayopeleka watoto wetu bure, ila mzazi ajue kwamba anayemshawishi naye ana haja zake.

La mwisho hili ni la kazini kwangu. Nyama ikija nyumbani msiile tu. Risasi nyingi zimetengenezwa kwa madini ya risasi yenyewe, ikipiga mfupa inasambaa vipande vidogo sana visivyoonekana, vinaingia nyamani mbali na lile tundu. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota ilishauri wajawazito na watoto chini ya miaka 6 wasile kabisa nyama ya kulungu aliyepigwa kwa risasi za aina hiyo. Muulizeni mwindaji anatumia nini, kuna risasi za shaba na hazina shida hiyo. Na kuna ule ugonjwa wa kulungu unaoharibu ubongo, huku Wisconsin uligunduliwa 2002, haujaonekana kumwingia mtu lakini ushauri ni kwamba mnyama akipimwa akakutwa nao asiliwe. Kwenye maeneo yenye ugonjwa mpelekeni kichwa kikapimwe kwanza, nyama isubiri kwenye friza.

Kutoka: Binti Mwembe Tayari, Buffalo

Asalaam aleikum wale wa upande wetu. Naongeza kidogo kwa sababu sisi Wakenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kizazi chetu hakijawahi kuona mtu anawinda kwa leseni, tukisikia kuwinda tunajua ni jangili tu. Kwa hivyo nilipoletewa paja la kulungu na mfanyakazi mwenzangu sikujua hata nifanye nini nalo. Nikamuuliza imamu wetu. Akaniambia mnyama wa kuwindwa ana hukumu yake, masheikh wengi wanakubali risasi kwa kuwa inatoboa, muhimu mwindaji awe ni mtu ambaye kichinjo chake kinafaa, ataje jina la Mungu anapopiga, na akimkuta bado ana uhai amchinje. Sasa mtoto wako akiwinda yeye mwenyewe mfundishe Bismillahi kabla hajagusa kile kifyatulio, si baada. Na huyo mtu mzima aambiwe mapema mtoto atabeba kisu.

Kutoka: Kaka wa Portland, Maine

Mimi siwindi wala sitaki ila nataka kuwakumbusha wale wenye watoto wanaocheza karibu na misitu, maana leseni za wenzenu zinawahusu hata nyie. Huku Maine tangu 2015 hakuna umri wa chini, mtoto chini ya miaka 10 anawinda mradi mtu mzima yuko ndani ya futi 20. Novemba watoto wangu hawatoki nyuma ya nyumba bila kizibao cha rangi ya chungwa, na matembezi ya msituni tunayaweka Jumapili kwa sababu Maine Jumapili hairuhusiwi kuwinda. Si woga wa bure. Mwaka 1988 karibu na Bangor mama mmoja alipigwa risasi akafa nyuma ya nyumba yake mwenyewe, alikuwa amevaa glavu nyeupe, mwindaji alisema aliona mkia wa kulungu. Mahakama ilimwachia. Baada ya hapo jimbo likatunga sheria ya kumlazimu mwindaji amtambue mnyama kwa uhakika kabla hajafyatua. Huyo alikuwa mtu mzima mzoefu, si mtoto, kwa hiyo mimi umri peke yake haunipi amani.

Kutoka: Baba Mapacha, Utica

Mama wa Fizi nimekusikia mama, na sitakujibu kwa sheria. Hakuna mtu hapa atakayekulazimisha. Mimi nimetokea Kasulu, hao wakimbizi niliwaona wanaingia, najua unachokisema.

Mama Baraka, nirudi kwako, kuna mambo mawili hayajasemwa na mimi nayaona makubwa kuliko kulungu mwenyewe.

La kwanza ni rangi ya mwanao. Tamir Rice alikuwa na miaka 12 hiyo hiyo, Cleveland, Novemba 2014, bunduki ya kuchezea, bustani ya watoto, polisi akampiga risasi gari halijasimama vizuri. Mjukuu wa jirani akionekana na bunduki pembeni ya barabara watu watasema huyo anakwenda kuwinda. Wako wanaweza kupigiwa simu ya polisi. Kwa hiyo sheria yangu mimi na wanangu ilikuwa hivi: bunduki inatoka kwenye gari mkononi mwangu, haina risasi, iko ndani ya mfuko wake, inafunguliwa tukishafika tunapokaa, na inarudi hivyo hivyo. Kijana hatembei nayo hatua moja peke yake hata akitumwa kuchukua chai kwenye gari. Tunawinda kwenye shamba la mtu anayetujua kwa sura na aliyetupa ruhusa, majirani wa shamba hilo nao wanatujua, na tunakaa mbali na nyumba za watu, New York ni futi 500 kwa bunduki. Mwambie mzee haya yote mdomo kwa mdomo. Akikasirika au akicheka umeshapata jibu lako. Akikaa akasikiliza, huyo mtu.

La pili ni makaratasi. Kuna sheria ya shirikisho inayokataza mwenye viza ya muda kama ya masomo au ya kazi kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa mambo machache na mojawapo ni kama ana leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Asiye na makaratasi hana msamaha huo hata kidogo. Wenye grinikadi na wakimbizi waliopokelewa rasmi katazo hilo haliwahusu. Nasema hivi kwa sababu mjomba au binamu anakuja kutembea anaambiwa twende tu ushike kidogo tupige picha, ile picha inaweza kumharibia kesi yake ya uhamiaji. Na ukienda dukani ile fomu ya kununulia inauliza uraia na hali yako, ukidanganya ni jinai. Mwenye shaka yoyote aone wakili kwanza, kulungu watakuwepo mwakani.

Nyumbani nako: kijana akishapata leseni haimaanishi mnunue bunduki. Wanangu walitumia yangu, iko kwenye kabati la chuma, funguo ninazo mimi, risasi chumba kingine, na mtoto wa shangazi akija kulala ni vilevile. Na mkitoka porini kagua mwili wa mtoto mzima, nyuma ya magoti, kwapani, kichwani, kupe wa huku wana ugonjwa wa Lyme na mwezi wa kumi bado wanauma.

Kutoka: Mama Baraka, Syracuse

Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Mama wa Fizi nimekupigia lakini simu haikupokelewa, nitapiga tena Jumamosi jioni.

Nimeongea na mzee. Nimemuuliza lile la watoto wawili, akakaa kimya kidogo akasema mwanawe atakuja kwa ajili ya mjukuu, yeye atakuwa na kijana wangu tu. Nikamuuliza kuhusu bunduki kutembezwa mkononi, nikamtajia yule mtoto wa Cleveland. Alikuwa anamkumbuka. Akasema hakuwahi kulifikiria kwa upande huo na akaomba nimwandikie yote ninayotaka.

Pamoja na hayo mwezi wa kumi huu sisaini. Nimemwambia kijana wazi, atafanya kozi mwaka huu, na mimi mama yake nitafanya naye, nikae kiti cha pembeni nisikie kila anachoambiwa na nimwone mwenyewe akishika hiyo bunduki ya mafunzo. Msimu huu anaweza kwenda na mzee kukaa naye porini bila kushika silaha, amevaa rangi ya chungwa, nione atarudi anasema nini. Mwakani atakuwa na 13, tutaongea upya, na baba yake awepo. Amenuna, lakini kaanza kusoma ile sehemu ya onlaini usiku huo huo.

Sasa naomba msaada: siku ya darasa ni Jumamosi nzima kuanzia saa mbili asubuhi na nina wadogo wawili, wa miaka 6 na 3. Kuna yeyote wa hapa Syracuse au Liverpool anaweza kunishikia hadi jioni? Chakula nitaacha, na nitawaleta mwenyewe. Baba Mapacha, na je, mimi nikifaulu huo mtihani ni lazima nichukue leseni au cheti kinakaa tu mpaka nitakapoamua?